Sana, Kiasi, Hakuna

Walinipa fomu, kalamu mbili, na viatu vya mpira
vilivyonizidi namba moja.
Swali la nne: Mto huu unakufaidi kiasi gani?
Weka alama: sana, kiasi, hakuna.

Nilianzia Ondiri, kinamasini,
ambako ardhi hubonyea kama godoro la wageni
na maji huchuruzika kimya, hayajajua bado
kwamba yataitwa Nairobi.
"Sana," alisema Kamande kabla sijamaliza kuuliza,
pampu ikinguruma nyuma yake,
spinachi zimejaa hadi kwenye ua.
"Ila usiandike kwa herufi kubwa.
Wasije wakaniletea mita."

Lavington, mwenye nyumba hakuwepo.
Alinijibu Ekai, bawabu, kwenye kiti kisicho na mgongo,
chini ya mjakaranda alioukuta na atakaouacha.
Mto ulisikika nyuma ya ukuta. Hajawahi kuuona.
"Mimi natoka Lodwar," alisema.
"Kwetu kivuli kikubwa ni cha ngamia.
Hiki cha hapa ni mshahara wa pili.
Bosi hajui kuwa ananilipa."
Nikatafuta safu ya kuandika hilo. Haikuwepo.
Niliweka alama kwenye "kiasi"
nikajisikia kama nimemkata mtu hela.

Chiromo sikuuliza yeyote.
Nilikaa juu ya jiwe, nikavua viatu,
nikasikiliza vyura. Hiyo nayo
sikuiandika popote.

Gikomba mto una rangi ya chai iliyosahaulika mekoni.
Mutheu alikuwa anafungua robota la mitumba,
hakuinua kichwa.
"Faida? Unanibebea taka.
Kila jioni nautupia, wala hauulizi kitu.
Kanjo ndio huuliza."
Akakunja suruali ya mtoto wa watu wa mbali,
akaikunjua, akaikunja tena.
"Lakini Aprili huzirudisha.
Zangu, pamoja na za wale wa juu.
Mwaka jana nilikuta chupa ya mvinyo kitandani.
Mimi sinywi."
Sasa niandike nini?
"Andika hatudaiani."

Dandora nilifika saa nane, jua likichemsha dampo.
Kageha alisimama katikati ya nduma,
majani mapana kiasi cha kumficha mtoto.
"Sana," alisema. "Andika sana mara mbili.
Nduma za huko Kikuyu ni vidole. Zangu mimi ni mapaja."
Kweli. Aling'oa moja, tope jeusi likadondoka,
harufu ikanishika koo.
"Nanyi nyumbani mnazila?"
Aliniangalia kama mtu anayehesabu chenji
na kuona haijatimia.
"Watoto wangu wanakula ugali."

Asubuhi ile, kibandani Kariobangi,
nilikuwa nimekunywa chai kwa nduma mbili.
Nene. Tamu.
Niliongeza ya tatu.

Wiki mbili baadaye ramani ikatoka kwenye mashine:
kijani Ondiri, kijani kilichofifia Lavington,
njano, kisha wekundu ukishuka na mto,
na chini kabisa, ndani ya wekundu huo,
nukta moja ya kijani kibichi.
"Hapa umekosea," msimamizi alisema,
kidole juu ya shamba la Kageha.
"Hapa hakuna faida. Hapa ni sumu. Rekebisha."
Nikasema: ndiyo, ni sumu.
Nikasema: na ada ya shule ya watoto watatu.
Akaniuliza kama hiyo ni data.

Nukta ipo bado. Sijui nani ataifuta.
Viatu viko mlangoni kwangu,
tope la Dandora limekaukia juu ya tope la Ondiri.
Jana nilivigonga ukutani nivisafishe.
Yalibanduka kwa pamoja, kipande kimoja,
na katikati yake, mahali nilipokanyaga Gikomba,
palikuwa na kifungo cha suruali ya mtoto.